Mtego Namba Tisa

Watu wa Mikunguni ni watu wa dhihaka, hilo lijulikane mapema. Ukipata kazi watakucheka, ukikosa watakucheka, ukifa watangoja siku ya tatu ipite ndipo wacheke. Kwa hiyo Sumaia binti Ussene alipoajiriwa na idara ya kilimo kuhesabu nzi, kijiji kizima kilishika mbavu. "Nzi? Kwani serikali imeshamaliza kuhesabu watu?" Wakambandika jina la Bi Nzi, na jina likamganda kama ulimbo. Akipita na mkoba wake begani hakosi wa kumchokoza: "Bi Nzi, wa jikoni kwangu mbona hujawaandika?" Naye hujibu bila kusimama, "Wa kwako hawana adabu, hawakai foleni."

Alikuwa na miaka thelathini na minne, mrefu, mwepesi wa ulimi na mgumu wa machozi. Alisoma Mocímboa mpaka darasa la kumi. Walipokimbia vita, mumewe alikwenda Nampula kutafuta nauli ya kuwarudisha wote nyumbani, akapata mke. Ukimuuliza habari za mume, Sumaia husema, "Nauli yake ilitosha kwendea tu." Basi akarudi yeye na mama yake, Bi Ancha, kwenye kijiji chao hiki cha ghuba ya Tungue, wakaezeka upya nyumba, akawa anauza vitumbua asubuhi mpaka kazi ya nzi ilipotokea.

Na kazi yenyewe si mchezo, wacheke watakavyo. Kuna nzi wa matunda, mdogo, mabega ya njano, kiuno chembamba kama cha nyigu. Jike lake hutoboa embe ikiwa bado mtini, likataga mayai ndani ya nyama. Embe kwa nje inang'aa, unaipasua unakuta funza wanatembea. Wazee hawakumjua nzi huyu. Alikuja na matunda ya watu kutoka mbali, na sasa ndiye mwenye nyumba.

Idara ilitundika mitego kumi na miwili katika miembe ya kijiji, kuanzia ufukweni mpaka njia ya kwenda mjini Palma. Kila mtego ni kopo la plastiki lenye mfuniko wa njano na matundu ubavuni. Ndani mna kitu kilicholowa manukato ya kuwaita madume, na kipande cha sumu cha kuwamaliza. Madume tu, majike hayana habari. "Hata kwa nzi," Sumaia aliwaambia wanawake kisimani, "dume likinusa manukato linasahau kwao." Wanawake walicheka mpaka maji yakamwagika, maana kila mmoja alijua anasemwa nani.

Kila Jumatano alipita mtego kwa mtego. Kwanza hupaka waya wa mtego mafuta mazito, chungu waitwao maji moto wasishuke kuwala nzi waliokufa. Wale chungu wekundu hawana simile. Kisha hufungua kopo, humwaga nzi kwenye sahani nyeupe na kuwahesabu kumi kumi kwa njiti ya chelewa. Wakiwa wengi huwapima kwa kizibo cha soda. Kizibo kimoja cha kujaa ni nzi thelathini, alihakikisha mara tano. Mwisho huandika kwenye ficha, ile karatasi ya serikali yenye vyumba vyumba, huipiga picha kwa simu na kumpelekea mkubwa wake Palma.

Mkubwa wake alikuwa mwanamke kijana wa kusini, engenheira Lígia, mtaalamu wa mimea, mtu wa Inhambane aliyeletwa huku na kazi. Kiswahili chake kilikuwa cha kuungaunga, wakikwama walisemezana Kireno, lakini hakuwa na makuu. Alimwita Sumaia "mana", yaani dada. Siku ya mafunzo, mwezi wa Septemba, alieleza jambo moja akalirudia: mtego hauui nzi wa kijiji, mtego unatoa habari.

"Wakizidi mia kwa wiki katika mtego mmoja, mana, unanipigia siku hiyohiyo. Tunakuja, tunaokota embe zote zilizoanguka chini ya miembe ile, tunachimba shimo la kufika kiunoni, tunazifukia. Funza hawana pa kutokea. Tukichelewa, nzi wameshahamia kwa jirani."

"Na mwenye miembe?" Sumaia akauliza.

"Anaweka sahihi hapa chini. Mwenyewe, au mrithi wake ikiwa amefariki."

Sumaia aliitazama ile nafasi ya mrithi. Mtego namba tisa ulikuwa umetundikwa kwenye miembe ya kaka yake.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye jambo. Kwetu pwani ardhi ni ya Mungu na ya ukoo, lakini mti ni wa aliyeupanda. Unaweza kujenga nyumba yako katikati ya minazi ya mtu, nazi ikakupasua kichwa, na nazi ile bado si yako. Anuar, kaka yake Sumaia, alipanda miembe kumi na mmoja, embe dodo za kubebesha, miche aliyoivusha mto Rovuma kutoka Mtwara akiwa ameipakata asimwachie mtu. Aliimwagilia kwa ndoo miaka minne. Ilikuwa imezaa msimu mmoja tu siku Palma iliposhambuliwa, na asubuhi ile Anuar alikuwa ameingia mjini kununua misumari. Misumari, jamani! Hakurudi. Hakuna aliyemwona amekufa, wala aliyemwona mzima.

Bi Ancha hakulia. Alisema, "Mwanangu atakuja," basi. Waliporudi Mikunguni, jambo la kwanza alilofanya ni kuweka kigoda chake mlangoni, akakielekeza kwenye miembe ile, akapiga marufuku mtu yeyote kuchuma au kuokota. "Mti wa mtu ukiuvuna mwenyewe hayupo, umeshamrithi," husema. "Na anayerithiwa ni maiti." Embe zikaiva, zikaanguka, zikavunda palepale chini. Msimu wa kwanza hivyo, wa pili hivyo, na huu wa tatu hivyohivyo. Harufu yake nzito ya utamu uliooza iliingia mpaka ndani ya chandarua. Kijiji kilinyamaza. Watu wanaocheka kila kitu walipita pale wameinamisha vichwa, maana nani atamwambia mama wa mtu?

Jumatano ya kwanza ya Novemba, Sumaia alifungua kopo la mtego namba tisa akamwaga. Sahani haikutosha. Alijaza vizibo kumi, na juu yake wakabaki nzi kumi na wawili. Mia tatu na kumi na wawili! Alichuchumaa pale na kizibo mkononi, akitazama embe zilizolala chini zimepasuka, nyingine zimeota ukungu, na nyuki wanazizunguka. Alijua anatakiwa kupiga simu. Alijua pia simu ile itamleta Lígia na karatasi yake hadi mlangoni kwa Bi Ancha, na mama ataambiwa aweke dole gumba chini ya neno mrithi.

Akasema moyoni, ngoja nisafishe mwenyewe kimyakimya. Kesho yake alfajiri, mama akiwa kwenye mswala, Sumaia alichukua ndoo akaanza kuokota. Hakufika nusu ya ndoo.

"Nani kakutuma?" Bi Ancha alikuwa amesimama mlangoni, ushungi wa kuswalia bado kichwani.

"Mama, ni hizi zilizooza tu. Hazifai tena kitu."

"Mwenyewe akija akauliza embe zake ziko wapi, utamwambia nini?"

"Mama..."

"Rudisha."

Na mwanamke mzima mwenye darasa la kumi akazirudisha embe mbovu chini, moja moja, mama yake akisimamia. Aliporudi ndani akatoa ficha. Kwenye chumba cha mtego namba tisa akaandika: 12. Vizibo kumi akaviacha. Si uongo mtupu, alijiambia. Hao kumi na wawili nimewaona kwa macho yangu. Binadamu tukitaka kujidanganya hatukosi hesabu.

Wiki ya pili vilijaa vizibo kumi na saba na wakabaki wanane, akaandika 8. Wiki ya tatu vizibo ishirini, akaandika waliobaki. Kila Jumatano mkono ulizoea kidogo zaidi. Lakini mtego namba nane, ule wa kwa Zuleica, jirani aliyepakana na miembe ya Anuar, aliuandika kwa ukweli wote: tisa, kisha arobaini, ikapanda hivyo mpaka themanini na saba. Hapo ndipo alipokosea kosa asilolijua mapema. Aliwaficha nzi walikotoka, akawaonyesha walikofikia.

Zuleica huyu alikuwa mjane mwenye watoto wanne na miembe ishirini. Mumewe alikufa kwa homa kambini, wakati wa ukimbizi, na maiti yake aliisafirisha mwenyewe mpaka ikazikwa nyumbani. Kila siku alifagia chini ya miembe yake, kila iliyoanguka akaifukia. Uwanja wake ungeweza kuanikia mpunga. Na ndiye aliyekwenda Palma kumtafuta mnunuzi, mtu wa kupeleka matunda kwenye majiko ya wafanyakazi wa mradi wa gesi. Mnunuzi alikubali kuchukua embe za kijiji kizima kwa sharti moja: atapasua kadhaa mbele ya watu, akikuta funza hachukui hata moja ya mtu yeyote. Mikunguni haikuwa imeuza kitu tangu vita. Kuna waliokwisha jiahidi mabati ya paa kwa fedha za embe zile.

Wiki ya tano, mwanzoni mwa Desemba, lori likafika na Lígia akaja nyuma yake kwa pikipiki. Meza ikawekwa kivulini, matenga yakapangwa. Mnunuzi, bwana mmoja mnene asiye na haraka, akachukua kisu na kuanza na tenga la Zuleica kwa heshima, maana ndiye aliyemwalika. Ya kwanza safi. Ya pili funza. Ya tatu funza, wanarukaruka juu ya meza. Katika kumi alizopasua, saba zilikuwa nazo. Akafuta kisu kwa kitambaa.

"Nawapa siku kumi na nne," alisema. "Zile za kijani zilizo juu huenda zikapona. Nikirudi nikakuta hivi tena, nakwenda kununua kwingine."

Sijui kama mmewahi kuona watu waliovunjika moyo wanavyotafuta wa kumlaumu. Hamido, msemaji wa wakulima, mtu mwema siku nyingine zote, aliomba ficha ya Lígia yenye namba za mitego, akaiinua juu.

"Ficha ya serikali hii hapa! Kwa Zuleica themanini na saba. Jirani yake huku kumi na moja, jirani yake kule sita. Uchafu uko wapi, jamani? Si uko hapa?"

"Mimi mchafu?" Zuleica alisema. "Mimi, Hamido?"

"Mimi sisemi. Karatasi inasema."

Zuleica akageuka akamtafuta Sumaia kwa macho. "Shoga, waambie. Unapita kwangu kila Jumatano. Waambie kama umewahi kukuta embe hata moja chini."

"Sijakuta," Sumaia alisema. "Kwake ni safi."

"Basi nzi wametoka wapi?" Hamido akauliza.

Sumaia akainamia miguu yake. Zuleica akamwangalia. Akatazama ng'ambo ya uzio wake, kwenye miembe kumi na mmoja na kile kigoda mlangoni, akamwangalia tena shoga yake, na Sumaia akaona kwamba ameelewa kila kitu. Angeweza kunyoosha kidole tu. Badala yake Zuleica akavuta kanga yake mabegani.

"Basi labda ni kwangu," alisema kwa sauti ndogo. "Nitafagia zaidi."

Hilo ndilo lililomshinda Sumaia. Matusi angeyastahimili, lakini hisani ile hapana. Akapiga hatua mbele mpaka kwenye meza yenye funza.

"Si kwake. Ni kwetu. Mtego wa tisa una mia sita na zaidi, na ulikuwa na mia tatu tangu wiki ya kwanza. Mimi ndiye niliyeandika uongo."

Mficha maradhi, kilio humuumbua.  Lígia akaweka kalamu chini polepole.

"Wiki tano, mana," alisema kwa Kireno. "Wiki tano! Nimeleta dawa nikapeleka ufukweni kwa kufuata namba zako. Nimemwandikia mama huyu, Zuleica, barua ya onyo. Kwa nini?"

 Sumaia alitazama upande wa kigoda, na kwa mara ya kwanza Lígia, mgeni wa watu, akaonyeshwa kile ambacho kijiji kizima kilikuwa kinajua. Hasira haikumwisha lakini sauti ilishuka. Akasema habari ya kazi itazungumzwa baadaye. Sasa inatakiwa miembe ile isafishwe kesho asubuhi, isipite kesho. Na bila sahihi hataruhusu mtu aiguse, maana mali ya mtu ni mali ya mtu, vita au hapana vita.

Sumaia alimkuta mama yake palepale mlangoni, akichambua mchele. Akapiga magoti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Alasiri yote hii unaniamkia tena? Kuna nini?"

Akamweleza. Hakuacha kitu: manukato, vizibo, namba, funza katika embe saba kati ya kumi, karatasi aliyoiinua Hamido. Bi Ancha aliendelea kutoa chuya mpaka mwisho.

"Kwa hiyo nzi wote wale wametoka kwa mwanangu."

"Wametoka kwenye embe, mama."

"Embe za nani?"

"Zuleica leo amebeba aibu yetu mbele ya watu. Alijua, mama. Akanyamaza kwa ajili yako."

Bi Ancha aliweka ungo chini. "Zuleica namheshimu. Lakini Zuleica ana kaburi. Kila Ijumaa akirudi kutoka huko miguu ina mchanga, namwona. Mimi nina embe. Mnataka nitoe embe? Haya. Nileteeni kaburi, nitawapa embe."

Sumaia alihisi maneno yanapanda, na safari hii hakuyazuia. Katika nyumba ile yalikuwa hayajasemwa miaka mitatu.

"Mama, Anuar amekufa."

Kofi lilimpata kabla hajamaliza kuvuta pumzi. Bi Ancha hakuwa mtu wa kupiga. Mkono wenyewe ulibaki hewani kana kwamba si wake. Wakatazamana. Mchele ulikuwa umemwagika, na kuku wakaja wakaanza kula, hakuna aliyewafukuza.

"Dole langu siweki," Bi Ancha alisema hatimaye.

"Basi nitaweka mimi. Mimi ni dada yake. Nami ni mrithi."

"Weka. Andika jina lako lote, lisomeke. Ili siku akija, wewe ndiye utakayemweleza." Akainuka, akaingia ndani, akafunga mlango.

Sumaia alitia sahihi jioni ileile juu ya tanki la pikipiki ya Lígia. Mwenye miembe: Anuar Ussene. Hali yake: hapo kalamu ilisimama. Alikuwa ameandika uongo wiki tano bila kusita, na sasa neno moja ambalo kila mtu aliliamini lilimkwamisha. Akaandika marehemu. Kisha akaenda nyuma ya nyumba ya Zuleica akatapika. Zuleica akamletea maji ya kusukutua, akakaa naye.

Asubuhi wakaja watu kama thelathini, na majembe, ndoo na magunia. Mlango wa Bi Ancha ulikuwa umefungwa na kigoda hakipo. Wakaanza kuokota. Embe nyingine zilishikika, nyingine zilikuwa uji mtupu, zikakusanywa kwa makoleo pamoja na mchanga wake. Walikwangua mpaka tabaka la msimu wa nyuma, kokwa nyeusi zilizoshikana. Hamido na wenzake walichimba katikati ya mistari miwili ya miembe. Walitaka shimo la mraba kama Lígia alivyochora, lakini mizizi iliwabana huku na huku, ikabidi wafuate urefu. Walipofika kiunoni wakatoka, wakajipangusa, na ndipo wote wakaona walichokichimba: kirefu, chembamba, kingo zimenyooka. Hamido akaangalia pembeni. Lígia akauliza kama kuna tatizo, akaambiwa hakuna.

Mtaniuliza kama mnunuzi alirudi. Alirudi, akachukua nusu ya embe, nusu akaiacha. Mtaniuliza kama Sumaia alifukuzwa. Hakufukuzwa, ila tangu siku hiyo Lígia anataka picha ya sahani, haitoshi picha ya ficha, na haki yake. Lakini mimi bado niko pale kwenye shimo, tusiondoke.

Walikuwa wamemimina gunia la mwisho na Hamido ameinua jembe kuanza kufukia, mlango ukafunguka. Bi Ancha alitoka peke yake, miguu mitupu. Tangu warudi kutoka ukimbizini hakuna aliyemwona akipita chini ya miembe ile. Aliitazama tu kwa mbali. Sasa alipita mti kwa mti, akigusa shina la kila mmoja, mpaka akafika ukingoni. Watu wakampisha. Akatazama chini.

"Zote?" akauliza.

"Zote, Bi Ancha," Hamido alisema.

Wanawake wa kwetu hawaendi makaburini siku ya maziko. Jeneza likiinuliwa wanaume wanaondoka nalo, na wanawake wanabaki na vilio vyao uani. Bi Ancha alikuwa amezika mume na watoto wawili wachanga, na hakuwahi kuuona udongo ukimfunika hata mmoja wao. Hakuna aliyemfundisha. Aliinama, akachota konzi ya mchanga, akaitupa shimoni. Akachota ya pili, akatupa. Akachota ya tatu. Midomo yake ilikuwa inasema kitu ambacho Sumaia hakukisikia, lakini Hamido alikisikia, maana alidondosha jembe, akasogea, akatupa konzi tatu na kusoma kwa sauti kile kinachosomwa kaburini. Nyuma yake akaja mwingine. Akaja Zuleica. Akaja yule Lígia, mtoto wa kanisa, hajui afanye nini na mikono yake, akatazama wenzake wanavyofanya akafanya vivyo hivyo.

Sumaia hakusogea. Alikuwa amesimama nyuma ya wote, na wino wa jana bado uko kidoleni. Aliogopa. Hakujua kama aliyeandika neno lile ana haki ya kutupa mchanga.

Bi Ancha akageuka, akamtafuta kati ya watu, akamwendea. Akamshika kiganja, akakifumbua kwa nguvu, akakijaza mchanga mwenyewe.

"Na wewe," alisema, sauti imekwisha kabisa. "Twende tumzike kaka yako."